Enzi ya Dhahabu ya Ndege na Deni la Kimulot

Kila alfajiri, kabla ukungu haujaondoka katika vilima vya Kimulot, wachumaji wa majani chai huwa wamekwisha kuingia shambani na vikapu mgongoni. Mchana mbingu zikitakata, ndege hupita juu yao, zikiacha mistari myeupe inayofifia polepole. Watoto hutoka nje kuzipungia mikono. Watu wazima hawainui macho, kwani wana kilo za kupimisha kituoni kabla lori la kiwanda halijafika. Kiwanja kikubwa cha ndege kilicho karibu ni cha Kisumu, na wengi wa wakazi wa Kimulot hawajawahi kukifikia ila kwa kumsindikiza mtu.

Hata hivyo, wakazi hao wamekuwa wakilipia usafiri wa ndege kwa zaidi ya miaka 90. Jambo hili aghalabu husahaulika pale waandishi wanapoisifu ile iitwayo enzi ya dhahabu ya mashirika ya ndege: zama za mwanzo ambapo abiria walivaa suti safarini, wakaandaliwa chakula kwa vyombo vya kaure, na safari yenyewe ikawa sherehe. Sifa hizo si za uongo. Zinaacha tu kuuliza dhahabu hiyo ilichimbwa na nani, ikavaliwa na nani. Makala haya yanashikilia kwamba usafiri wa ndege, kokote ulikostawi, ulijengwa kwa fedha za umma na kwa ushirikiano. Na kwamba Afrika Mashariki iliwahi kuwa na kitu kilichokaribia kuwa dhahabu ya wote, ikakivunja kwa mikono yake yenyewe.

Dhahabu ya Marekani

Marekani ndiko ngoma hii ilikovumia zaidi. Tarehe 1 Januari 1914, ndege ya kutua majini iliyorushwa na rubani Tony Jannus ilivuka ghuba kutoka mji wa St. Petersburg hadi Tampa, katika jimbo la Florida. Ilikuwa na abiria mmoja tu, Abram Pheil, aliyeinunua nafasi hiyo mnadani kwa dola 400. Waliomfuata walitozwa dola 5. Shirika hilo lilidumu kwa miezi michache, kisha likafa.

Kilichoyapa uhai mashirika yaliyofuata hakikuwa nauli za abiria. Kilikuwa barua. Sheria ya mwaka 1925, iliyopewa jina la mbunge Clyde Kelly, iliiruhusu posta ya Marekani kutoa kandarasi za kusafirisha barua kwa wenye ndege binafsi. Kwa kandarasi hizo, mashirika yalipata kipato cha uhakika, na abiria wakawa kama nyongeza juu ya magunia ya barua. Hata Pan American, iliyoanza mwaka 1927 na baadaye kuvuka bahari kuu za dunia kwa ndege zake za majini, ilitegemea kandarasi za posta. Ni hadi mwaka 1936, ilipoanza kazi ndege ya Douglas DC-3, ndipo ikawezekana shirika kupata faida kwa kubeba watu pekee. Kwa maneno mengine, kila Mmarekani aliyebandika stempu kwenye bahasha alichangia starehe ya wachache waliopaa.

Wala starehe hiyo haikugawiwa kwa haki. Mwaka 1930 muuguzi Ellen Church alikuwa mwanamke wa kwanza kuajiriwa kuwahudumia abiria ndegeni, na kazi hiyo ikapata heshima kubwa. Lakini mwanamke Mweusi hakupewa nafasi hiyo hadi mwaka 1958, Ruth Carol Taylor alipoanza kuruka na shirika la Mohawk. Rubani Marlon Green, aliyekuwa amehudumu katika jeshi la anga, alinyimwa kazi na shirika la Continental, akalazimika kufika Mahakama Kuu ya Marekani, ambako alishinda mwaka 1963. Katika majimbo ya kusini, baadhi ya viwanja vya ndege vilikuwa na vyumba tofauti vya kungojea, kimoja cha Weupe na kingine cha Weusi. Anayeisimulia enzi hiyo bila kuyataja haya anasimulia nusu ya kisa.

Ziwa, barua na walowezi

Afrika Mashariki ilifuata nyayo zizo hizo. Mwaka 1929, Florence Kerr Wilson, mjane wa mlowezi, alianzisha kampuni ya Wilson Airways jijini Nairobi akiwa pamoja na rubani Tom Campbell Black, yule aliyekuja kushinda mashindano ya London hadi Melbourne mwaka 1934. Mwaka 1931, Imperial Airways ya Uingereza ilifungua njia kutoka London hadi Mwanza, na mwaka uliofuata njia hiyo ikafika Cape Town. Kisumu ikawa kituo muhimu. Kuanzia mwaka 1937, ndege kubwa za majini zilizokuwa zikitoka Southampton kwenda Durban zilitua katika Ziwa Viktoria, kisha zikaelekea Mombasa na Dar es Salaam. Baada ya vita, kati ya mwaka 1948 na 1950, ndege za aina hiyo zilitua katika Ziwa Naivasha.

Abiria wa ndege hizo walikuwa wachache. Walikuwa maafisa wa serikali, walowezi, wafanyabiashara wakubwa na watalii wa kuwinda. Usiku walilala hotelini, asubuhi wakaendelea na safari. Yote hayo yaligharimiwa kwa ruzuku. Imperial Airways yenyewe iliundwa mwaka 1924 kwa ahadi ya ruzuku ya pauni milioni 1 kutoka serikali ya Uingereza, na serikali za makoloni nazo zilitia mkono mfukoni ili njia ya Afrika ifunguliwe.

Mfuko huo wa makoloni ulijazwa na nani? Hapa ndipo Kimulot inapoingia. Katika miaka hiyo, makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yalikuwa yamekwisha kujikita Kericho tangu miaka ya 1920, katika ardhi ambayo Wakipsigis waliiita yao. Mwafrika hakuruhusiwa kukuza majani chai yake mwenyewe hadi miaka ya 1950. Aliruhusiwa kuyachuma kwa ujira, na kutokana na ujira huo akatozwa kodi ya kibanda na ya kichwa. Kodi hiyo ilikuwa miongoni mwa mapato ya serikali iliyotoa ruzuku. Mzee wa Kimulot aliyelipa kodi mwaka 1932 alimsaidia mlowezi kufika London kwa siku chache badala ya majuma, na hakuna aliyemwambia.

Kiwanja cha Embakasi, kilichofunguliwa mwaka 1958 na ambacho leo kinaitwa Jomo Kenyatta, kina deni zito zaidi. Kilijengwa kwa jasho la mahabusu waliofungwa wakati wa hali ya hatari, wakati wa vita vya Mau Mau. Msafiri anayevuta mkoba wake katika sakafu laini ya kiwanja hicho leo anakanyaga eneo lililosawazishwa kwa majembe ya wafungwa wasiohukumiwa.

Elimu ilikuwepo, nauli haikuwepo

Tukio la mwaka 1959 linaonyesha vizuri jinsi nauli ilivyokuwa ukuta. Vijana wengi wa Kenya walikuwa wamepata nafasi katika vyuo vya Marekani, na baadhi yao walikuwa na ufadhili wa masomo. Walichokosa ni namna ya kufika. Tiketi moja ilizidi mapato ya mwaka mzima ya familia nyingi. Tom Mboya, akisaidiana na Julius Kiano na Kariuki Njiiri, na kwa michango ya Wamarekani kama Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier, alikodisha ndege nzima. Mwezi Septemba mwaka huo, wanafunzi 81 waliondoka Nairobi kwenda New York. Safari ya mwaka 1960 iligharimiwa na wakfu wa familia ya Kennedy, na miongoni mwa walionufaika alikuwa Wangari Maathai, aliyekuja kutuzwa Nobeli ya Amani mwaka 2004.

Vijijini, mchango haukutoka kwa matajiri wa Marekani. Ng'ombe waliuzwa, mahindi yakauzwa, mikutano ya harambee ikaitishwa ili mtoto wa kijiji apate viatu, koti na fedha za mkononi. Jambo hili halijakoma. Hata leo, familia ya Kimulot inayompeleka mwanawe ng'ambo kusoma au kufanya kazi husubiri bonasi ya majani chai, kisha huwaita majirani. Mwanariadha, mwanafunzi na mfanyakazi wa nyumbani anayekwenda Ghuba, wote hupaa kwa fedha zilizochumwa jani kwa jani.

Shirika kwa maana ya shirika

Lugha ya Kiswahili ina hekima yake katika jambo hili. Ilipokuja ndege, Waswahili hawakuhangaika kutafuta maneno mapya. Walichukua yale ya baharini. Rubani alikuwa mwelekezi wa vyombo vya bahari kabla hajapaa. Nauli ililipwa majahazini. Abiria na shehena vilivuka maji kabla ya kuvuka mawingu. Kutua kulikuwa kushusha mzigo kichwani au mgongoni, na kila mchumaji wa chai anaijua raha ya kutua. Hata neno ndege lenyewe lilibeba, na lingali linabeba, maana ya ishara ya jambo lijalo, la heri au la shari. Na kampuni inayorusha ndege ikaitwa shirika, neno ambalo asili yake ni ubia: watu wengi kuwa na fungu katika kitu kimoja.

Kuna kampuni moja iliyostahili jina hilo kikamilifu. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianza safari tarehe 1 Januari 1946 likiwa na ndege ndogo chache za de Havilland. Wenye hisa walikuwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, Kenya ikiwa na fungu kubwa kupita wote, na Zanzibar kisehemu kisichofika hata asilimia 1. Shirika hili lilizaliwa chini ya ukoloni na liliwahudumia wakoloni kwanza. Hilo halina ubishi. Lakini baada ya uhuru lilibaki mikononi mwa mataifa matatu huru. Lilirusha DC-3, ile ile ndege iliyoipatia Marekani enzi yake ya dhahabu, hadi katika viwanja vidogo vya ndani. Lilinunua ndege za jeti za Comet mwaka 1960, na Super VC10 kuanzia mwaka 1966. Liliwafunza Waafrika kazi za urubani, ufundi na uhasibu. Halikukosa misiba: tarehe 18 Aprili 1972, mojawapo ya VC10 zake ilianguka ilipokuwa ikipaa Addis Ababa, na watu 43 wakafa. Pamoja na hayo, lilikuwa na jina lililoheshimiwa London na Bombay.

Kilicholiua shirika hili hakikuwa uchakavu wa ndege. Baada ya Idi Amin kunyakua madaraka mwaka 1971, wakuu wa nchi tatu za Jumuiya hawakuketi tena pamoja. Kila nchi ilizuia fedha ilizotakiwa kupeleka makao makuu, kila moja ikidai kuwa ndiyo inayopunjwa. Mwanzoni mwa mwaka 1977 ndege ziliacha kuruka. Kenya ikaunda Kenya Airways, iliyoanza kwa ndege za kukodi. Tanzania ikaunda Air Tanzania. Uganda ilikuwa imekwisha kuunda la kwake mwaka 1976. Mgawanyo wa mali na madeni haukuafikiwa hadi mwaka 1984, na wafanyakazi wa zamani waliendelea kudai haki zao kwa miaka mingi baada ya hapo.

Wenzake wa mwaka 1946

Huenda mtu akasema kwamba ubia wa mataifa hauwezi kudumu, na kwamba kuvunjika kwa shirika hilo kulikuwa majaaliwa. Historia haimuungi mkono. Mwaka ule ule wa 1946, Denmark, Norway na Sweden ziliunganisha mashirika yao na kuunda SAS. Shirika hilo limepita katika dhoruba nyingi, ikiwemo ile ya mwaka 2022 ya kuomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai; hata hivyo lingali linaruka. Nchi tatu zenye fahari zake na ugomvi wake wa kale ziliweza.

Mfano wa pili uko jirani. Ethiopian Airlines ilifanya safari yake ya kwanza mwezi Aprili mwaka 1946, miezi mitatu tu baada ya shirika la Afrika Mashariki. Ilianzishwa kwa msaada wa TWA, mojawapo ya mashirika makubwa ya enzi ya dhahabu ya Marekani, na Wamarekani ndio walioiongoza mwanzoni. Waethiopia walijifunza kazi hatua kwa hatua, na mwaka 1971 Mwethiopia akashika uongozi. Shirika hilo lilipita katika kupinduliwa kwa mfalme, vita na njaa bila kuvunjwa. Leo ndilo kubwa kuliko yote barani Afrika. Ni kweli kwamba lina mwenyewe mmoja, nayo ni serikali ya Ethiopia, na hilo limerahisisha mambo. Lakini somo lake kubwa ni kuwa kila serikali iliyoingia madarakani ililiona kuwa ni urithi, ikaacha kulifanya uwanja wa kulipizana visasi.

Tofauti yake na mashirika ya Afrika Mashariki inaumiza. Uganda Airlines ilifilisiwa mwaka 2001, ikafufuliwa mwaka 2019. Kenya Airways iliuziwa umma hisa mwaka 1996, na Wakenya wa kawaida, wakiwemo wakulima, wakanunua kwa matumaini makubwa. Mwaka wa fedha wa 2014/2015 ilitangaza hasara ya shilingi bilioni 25.7. Mwaka 2017 serikali ilidhamini mikopo yake, na baadaye mlipa kodi akabeba sehemu ya mzigo huo. Kati ya mwaka 2020 na mwanzoni mwa 2025, hisa zake hazikuuzwa wala kununuliwa katika soko la Nairobi. Faida iliyotangazwa kwa mwaka 2024 ilikuwa ya kwanza baada ya zaidi ya miaka 10. Huku majirani hawa wakishindana kwa safari fupi fupi baina ya miji yao, mashirika ya Ghuba, Uturuki na Ethiopia huwachukua abiria wao wa mbali. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Je, Kimulot haihitaji barabara kwanza?

Hoja nzito zaidi dhidi ya msimamo huu hutolewa na wale wanaosema kuwa habari za ndege ni anasa kwa mtu wa Kimulot. Anahitaji barabara isiyogeuka matope wakati wa masika ili majani yake yasiharibikie kituoni. Anahitaji bei nzuri katika mnada wa Mombasa. Anahitaji zahanati. Hoja hii ni ya haki, na barabara hiyo ingefaa kujengwa kesho.

Hata hivyo, inachanganya mambo mawili. Swali la kwanza ni kama Kimulot inahitaji ndege. Swali la pili ni kama Kimulot tayari inalipia ndege. Jibu la swali la pili linajulikana. Kila mkopo wa shirika unaodhaminiwa na serikali ni sehemu ya ile barabara isiyojengwa. Mtu ambaye hajawahi kupanda ndege amekwisha kulipa nauli ya wengine, kwanza kupitia kodi ya kibanda, kisha kupitia kodi ya sukari na mafuta ya taa. Kwa hiyo ana haki ya kuuliza shirika linaendeshwaje, kwa faida ya nani, na kwa nini nchi jirani zinarusha ndege nusu tupu katika njia moja.

Mambo matatu yafaa kudaiwa. Kwanza, anga la Jumuiya ya Afrika Mashariki lifunguliwe kwa mashirika ya nchi wanachama bila vizuizi, na kodi zinazorundikwa juu ya tiketi za safari za ndani ya Jumuiya zipunguzwe. Mkataba mpya wa Jumuiya ulianza kutumika mwaka 2000, na Azimio la Yamoussoukro kuhusu anga la Afrika ni la mwaka 1999. Muda wa maandalizi umetosha. Pili, mashirika ya serikali yashirikiane walau katika karakana, mafunzo na ununuzi wa vipuri, ikiwa kuungana kabisa bado kunatisha. Tatu, hesabu zitolewe kwa lugha ambayo mlipaji anaielewa.

Jambo hili la tatu linawahusu wapenzi wa Kiswahili moja kwa moja. Mwaka 2021, wakuu wa Jumuiya walikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi pamoja na Kiingereza na Kifaransa. Ndani ya baadhi ya ndege, msafiri husikia makaribisho ya Kiswahili, na hilo ni jema. Lakini masharti ya tiketi, haki za abiria aliyeachwa na taarifa za hasara huandikwa kwa Kiingereza kigumu. Mama wa Kimulot anayempeleka bintiye Ghuba hutia saini asichokisoma. Wanafunzi wa isimu na tafsiri wana kazi hapa, tena kazi isiyongoja ruzuku. Istilahi zipo tangu enzi za majahazi. Kilichobaki ni kuzitumia mahali penye fedha na haki, mbali na salamu.

Mwaka 2018 Kenya Airways ilifungua safari ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York, karibu miaka 60 baada ya wanafunzi wale 81 kuondoka kwa ndege ya kukodi. Wengi walishangilia, na walistahili kushangilia. Lakini enzi ya dhahabu ya Afrika Mashariki haitapimwa kwa urefu wa safari wala kwa ukubwa wa ndege. Itapimwa siku ambapo binti wa mchumaji, aliyepata nafasi ya chuo Dar es Salaam au Kampala, ataweza kupanda ndege ya shirika ambalo wazazi wake wamelilipia, kwa nauli isiyomlazimu baba kuuza ng'ombe. Hadi siku hiyo, ndege zitaendelea kupita juu ya Kimulot, na wachumaji wataendelea kuinamia majani.